Uani kwa Kuhe

Nina daftari tatu zenye majalada magumu, za aina waliyoitumia makarani wa zamani. Ziko kabatini nyumbani Gihosha, hapa Bujumbura, juu ya vitabu vya moteri. Kurasa zake zina madoa ya mafuta, na pembe za baadhi zimevimba kwa maji ya ziwa. Humo niliandika kila safari niliyowapeleka watu kuvua kwa ndoana: saa ya kuondoka, saa ya upepo kuanza, kina cha maji kwa kamba yenye mafundo, rangi ya maji, samaki aliyepatikana na chambo alichokikamata. Kwa miaka tisa sikuruka safari hata moja. Mtu akiniuliza leo Jumamosi fulani tulirudi na nini, nitafungua na kumjibu.

Kuna jambo moja tu nililoandika vibaya. Niliandika neno moja, nikaweka alama ya kuuliza mbele yake, na kwa neno hilo nilimpoteza mtu niliyefanya naye kazi mingi ya miaka hiyo. Nataka kulieleza hapa kwa utaratibu, kama ninavyoeleza moteri iliyokufa: ilianza wapi, nilisikia nini, na kwa nini sikuizima mapema.

Sikusomea kazi hii. Shule niliiacha kabla haijanifikisha popote. Moteri za boti nilijifunza kwenye kitabu cha Kifaransa nilichokiokota kwenye sanduku la vyuma chakavu, kamusi ikiwa pembeni, ukurasa mmoja kila jioni. Baadaye nilijifunza dira, kisha ramani, kisha habari za upepo na za samaki, kila kitu kwa njia hiyohiyo. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Huamini kilichoandikwa kuliko kilichosemwa, kwa sababu kilichoandikwa ndicho kilichomtoa alikokuwa.

Mwenzangu, nahodha, alikuwa mtu wa Buyenzi, wa nyumba ambayo babu yake aliijenga kabla mitaa mingine haijapewa majina. Alinizidi miaka sita. Alikuja ufukweni moja kwa moja kutoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, kofia ya kufuma kichwani, viatu mkononi, na akaanza kunitania kabla hajafika karibu.

"We profesa! Umeshaandika jua limetoka? Usipoandika, litarudi kulala."

Mashua ilikuwa yake, ya mbao, aliirithi kwa baba yake. Moteri ilikuwa yangu. Makubaliano yetu hayakuandikwa popote, na hilo peke yake lingetosha kunionyesha kwamba yalikuwa ya aina nyingine: moteri nikisema haiendi, haiendi, yeye akisema mahali fulani hatuvui, hatuvui.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Jumamosi na Jumapili asubuhi, tangu mvua zinapokatika mpaka zinaporudi, tuliwachukua watu pale kwenye mchanga, tukawapeleka kusini kando ya milima, ambako matope ya mto Rusizi hayafiki na maji ni safi. Walikuwa wafanyakazi wa ofisi za Rohero waliotaka kuisahau wiki yao, wageni wa mashirika, na wenyeji wanaoishi Ulaya ambao hurudi mwezi wa saba na wa nane wakiwa na kofia mpya na viatu visivyofaa. Mwezi wa tisa karibu wote walikuwa wameshaondoka. Wakati huo msimu unaisha, na mimi niliupenda kuliko mwanzo wake. Milima ya Kongo ilipotea nyuma ya moshi wa nyasi zinazochomwa. Asubuhi ziwa lililala bila kunyanzi hata moja, mpaka saa nne. Saa nne upepo wa kusini ulianza, na saa tano ilitubidi tuwe tumerudi.

Nahodha hakutumia dira. Alikuwa na kitu alichokiita mlango. Alichagua vitu viwili vya nchi kavu, kimoja mbele na kimoja nyuma, na mashua ikifika mahali vinapopangana, kimoja kikikifunika kingine, alisema, "Mlango umefunga." Kisha alitafuta vitu viwili vingine upande wa pili. Milango miwili ikifunga kwa wakati mmoja, alikuwa juu ya mahali pake, na ukishusha jiwe kwa kamba ungelikuta jabali lilelile alilolivua baba yake. Sikuwahi kumwona akikosea. Mwaka wa kwanza nilikuwa namwangalia macho. Alipotazama nami nilitazama, nikatoa dira, nikasoma digrii, nikaandika. Alijua.

"Unaniibia macho," alisema siku moja.

"Ninaweka akiba, mukubwa. Ukizeeka utanishukuru."

"Mi nikizeeka nitakaa nyumbani nile ndizi. Samaki hajui kusoma, profesa. Unamuandikia nani?"

Mahali pamoja hakupaita kwa jina la jiwe wala la mti. Alipaita Uani. Palikuwa na sakafu ya mchanga katikati ya majabali, kina chake mafundo manne ya kamba yangu, na maji yalikuwa meupe kiasi kwamba kivuli cha mashua kilionekana kikitembea chini. Mlango wa kwanza wa mahali hapo ulikuwa mchikichi uliopinda, ufukweni, ukipangana na mwanya kati ya vilima viwili. Wa pili ulikuwa jiwe jeupe lililochomoza majini, likipangana na mnara wa kanisa mbali upande wa kusini. Miezi mingine tulivua hapo kama kwingine. Lakini kuanzia moshi wa nyasi unapokuwa mwingi mpaka mvua ya kwanza, nahodha aliniambia nizime moteri kabla hatujafika, akachukua kafi, akapita polepole, wala hakuruhusu mtu ashushe mshipi.

Mara ya kwanza aliniambia niiname ukingoni nitazame chini. Niliona kwanza kitu kama vumbi juu ya mchanga, wingu dogo linalosogea pamoja. Kisha nikawaona samaki wawili wa aina ya kuhe, wakubwa, wenye madoa meusi ubavuni, mmoja upande huu wa wingu na mmoja upande wa pili. Vumbi lile lilikuwa watoto wao. Samaki mwingine, mdogo, aliposogea, kuhe mmoja alimtoka kwa kasi kama jiwe lililorushwa, kisha akarudi mahali pake. Mbele kidogo palikuwa na jozi nyingine, na nyingine.

"Bwana na bibi," nahodha alisema kwa sauti ya chini, kama tuko nje ya dirisha la watu. "Hao hawakuli kitu. Wako na kazi ya watoto. Baba alisema, hapa ni uani. Mutu haingii uani kwa mutu bila kupiga hodi, na saa hii hata ukipiga, hawana nafasi ya kukupokea."

"Kama hawali, kwa nini tunakataza? Si hawatakamata chambo?"

"Watakamata. Kila kitu kinachopita watakikamata. Ndiyo ubaya wake."

Nilimuuliza baba yake alijuaje kwamba hawali. Alicheka, akasema baba yake hakuwa na daftari, alikuwa na tumbo. Alikuwa akipasua samaki kila siku na kuona kilichomo. Jioni ile nyumbani, kwenye ukurasa wa Uani peke yake, niliandika kina, saa, rangi ya maji, digrii za mwanya na digrii za mnara. Chini yake niliandika maneno aliyoyasema kuhusu uani, na mbele yake nikaandika: *Imani?*

Nimelitazama neno hilo mara nyingi. Mwandiko ni mzuri. Nilikuwa nimetulia nilipoliandika.

Miaka iliyofuata sikumbuki lolote la pekee. Mwaka ambao mambo yaliharibika, msimu uliisha vibaya kwa kila mtu. Mafuta ya moteri yalikuwa adimu mjini. Nilipanga foleni siku mbili kupata dumu moja. Nahodha alitania kwamba tutie maji ya ziwa, maana yapo mengi na hayana foleni. Wateja walibaki watatu, kisha mmoja.

Huyo mmoja alizaliwa Bujumbura, akaondoka akiwa mtoto, na umri wake sasa ulikuwa sawa na wangu. Alikuwa na adabu. Hakutuita kwa kidole. Alituambia kwamba baba yake aliwahi kumwahidi kumpeleka kuvua kuhe, na kwamba mwezi uleule walihama, na baba akafia huko bila kurudi. Alitaka kuvua mmoja, kwa mkono wake, ampikie mama yake mzee aliyekuwa amebaki hapa. Alikuwa na asubuhi tatu, na Jumapili usiku ndege yake iliondoka.

Siku ya kwanza tulienda kwenye majabali, hatukupata kitu. Siku ya pili tulipata mikeke miwili midogo, samaki wa kawaida wa ziwa letu. Tulipokuwa tunarudi alikaa mbele ya mashua, chambo cha bati kikining'inia kwenye fimbo yake na kung'aa bure juani.

"Bon," alisema, "kesho ni ya mwisho. Kuhe wamehama kama sisi?"

Nahodha alicheka, akamwambia, "Wako, shefu. Wako kwao tu. Kesho tutajaribu upande wa mawe makubwa, inshallah."

Usiku nilifikiri juu ya Uani. Nilijua walipo. Nilijua digrii.

Alfajiri simu ililia. Jirani yake nahodha, mtu wa ukuta mmoja naye, alikuwa amefariki, na wangemzika asubuhi ileile. "Leo mi apana," alisema. Nilisikia watu nyuma yake, na sauti ya viti vinavyoburutwa. "Mwambie mugeni anisamehe. Kama unaenda, nenda, mashua iko. Lakini ishia kwenye mawe. Umesikia, profesa?"

"Nimesikia. Mungu awape subira."

Nilikuwa nimesikia. Sitasema kwamba sikusikia.

Tulifika kwenye mawe makubwa saa moja na nusu. Tulivua mpaka saa mbili na nusu bila kuguswa. Mteja hakulalamika, na ukimya wake ulinisukuma kuliko malalamiko. Nilitazama saa, nikahesabu muda uliobaki kabla ya upepo. Kisha nikafungua daftari. Nakumbuka furaha iliyonipata, na hiyo ndiyo sehemu ninayoionea haya zaidi: haikuwa huruma kwa yule bwana peke yake. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naenda mahali pa nahodha bila nahodha. Nilishika dira mkononi, nikaongoza mashua mpaka mwanya wa vilima uliposoma vile ilivyoandikwa, nikaufuata mstari huo mpaka mnara nao uliposoma vilevile, nikazima moteri. Nilipotazama nyuma, mchikichi ulikuwa umekaa sawasawa katikati ya mwanya. Mlango umefunga, nilijisemea kwa sauti yake.

Mteja alirusha mara moja. Chambo hakikumaliza hata kuzama. Fimbo ilipinda, akapiga kelele kama mtoto, nami nikacheka naye. Alikuwa kuhe mkubwa. Alirusha tena, akapata wa pili. Kwa nusu saa tulipata sita. Hawakusitasita, hawakunusa chambo kama kuhe wa miezi mingine; walikifuata kama walivyomfuata yule samaki mdogo. Nilipoinama kumtoa wa nne nilitazama chini. Wingu moja la watoto lilikuwa limepasuka vipandevipande. Samaki wengine, wa ukubwa wa kiganja, walikuwa wameingia katikati yake, wengi, na vumbi lilipungua nikilitazama. Hapakuwa na mtu wa kuwafukuza, kwa kuwa waliopaswa kuwafukuza walikuwa wanapiga mikia kwenye mbao, miguuni pangu.

Ningeweza kusema basi pale. Nilisema, "Tupate wafike sita, upepo bado."

Kabla hatujaondoka mteja alitoa simu. "Naweza kuweka alama hapa? Mdogo wangu naye anakuja mwaka ujao."

Nilimjibu kwamba anaweza. Nikafanya na zaidi. Alama ilipokaa kwenye ramani ya simu, niliilinganisha na daftari langu, nikaona imesogea kidogo, nikamwelekeza mpaka ikakaa pale hasa. Aliniambia hajawahi kukutana na mtu makini kama mimi. Nilifurahi kusikia hivyo.

Alichukua samaki mmoja kwa mama yake. Watano aliniachia. Pale ufukweni kuna mama mmoja wa Uvira, upande wa Kongo, anayechoma samaki tangu zamani. Watu wote wa boti hula kwake. Nilimpelekea. Alimgeuza wa kwanza, akambonyeza, akanitazama.

"Papa, hizi zimetoka wapi saa hii?"

"Ziwani, mama."

"Najua ni ziwani, si zimeanguka toka juu. Nauliza wapi." Akampasua kwa kisu kimoja, akafungua tumbo kwa vidole. Lilikuwa tupu, limenywea kama mfuko uliokamuliwa. Akampasua wa pili. Tupu. Wa tatu. "Angalia. Zilikuwa zinafunga Ramadhani?"

Wanaume wawili waliokaa kwenye benchi walicheka. Mimi nilitoa kalamu, kwa mazoea tu, nikaandika: *matumbo matupu, yote*. Niliandika hayo kwenye ukurasa uleule, vidole vinne chini ya lile neno na alama yake ya kuuliza.

Kesho yake, baada ya kazi za msiba, nahodha alikuja kula kwa mama wa Uvira. Sikuwapo mama alipomweleza habari za matumbo yale. Jumanne nilimkuta amekaa juu ya ukingo wa mashua, viatu amevaa. Hakunitania. Nilikuwa nimeandaa maelezo: mteja, mama yake mzee, ndege, mafuta tuliyoyapata kwa foleni ya siku mbili. Aliyasikiliza yote mpaka mwisho.

"Nilikuambia uishie wapi?"

"Kwenye mawe."

"Moteri yako, umewahi kuniambia haiendi, mi nikaiwasha?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mukubwa."

Alinyoosha mkono akaomba daftari. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nilikuwa naandika kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna kilichofichika kwake. Alifika kwenye maneno yake mwenyewe, ya bwana na bibi na uani, nikaona kidole kimesimama kwenye *Imani?* Kikashuka mpaka kwenye matumbo matupu. Kikapanda tena. Akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Umeandika vizuri," alisema.

Jumamosi iliyofuata hatukuwa na mteja, lakini tulikwenda kutazama. Juu ya Uani palikuwa na boti tatu, na kwenye mojawapo mtu alikuwa anashika simu mbele ya uso wake na kumwelekeza dereva, kushoto, kushoto kidogo. Sikuwahi kujua alama ilipita mikono mingapi. Nahodha hakuwapigia kelele. Aliniomba nigeuze. Wiki ya pili zilikuwa tano. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, maji yakawa mekundu, na msimu ukafungwa.

Msimu mpya ulipofunguliwa alinipigia simu kwamba amepata kazi kwenye gereji ya ndugu yake Buyenzi, na kwamba mashua naweza kuendelea kuitumia. Nilimwambia mashua bila yeye siitaki. Alisema, "Basi iache ikauke." Hakusema kwa hasira. Nilimtafuta mwingine, kijana mzuri, mwenye mashua yake na simu yenye ramani. Nilifika Uani mara saba mwaka ule, katika saa tofauti na rangi tofauti za maji, nikiinama na kutazama. Niliandika sifuri mara saba. Mwaka uliofuata, mara nne. Kisha nikaacha kazi hiyo, nikabaki na kutengeneza moteri za wengine.

Ni lazima niwe mwangalifu na ninachodai. Siwezi kuthibitisha kwamba samaki sita waliumaliza ua ule. Huenda ni zile boti tano. Huenda ni nyavu, huenda ni maji yenyewe, maana miaka hiyo ziwa lilipanda na kula ufukwe, nyumba na barabara, na mengi yalibadilika chini bila mtu kuona. Ninachoweza kuthibitisha ni nani aliyesogeza alama kwenye simu ikakaa pale hasa.

Miaka miwili iliyopita nilipata kwa muuza vitabu wa Rohero kitabu chakavu cha samaki wa ziwa letu, cha Kifaransa. Kuhe wana kurasa mbili. Imeandikwa kwamba wakishataga, wote wawili hukaa na watoto kwa muda mrefu, hawali, miili yao inaliwa na kazi hiyo, na inadhaniwa kwamba huzaa mara moja tu maishani kisha hufa. Nilisoma nimesimama, barabarani. Baba yake nahodha alikuwa amelisema hilo kwa kisu na tumbo la samaki.

Nilikaa na kitabu hicho mwaka mzima kabla sijakipeleka Buyenzi. Nilimkuta chini ya gari, miguu tu inaonekana, lakini miguu ile ningeitambua popote.

"Nani?" aliuliza kutoka chini.

"Mimi."

Mkono wenye mafuta ukatoka chini ya gari. "Profesa. Nipe namba kumi na tatu, iko karibu na mguu wako."

Nilimpa spana. Alimaliza kukaza, akatoka, akajipangusa. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe pembeni. Nilimsomea kurasa zile mbili, nikizigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari, katikati ya kelele za nyundo. Nilipomaliza nilimwambia kwamba alisema kweli, yeye na baba yake, na kwamba nimekuja kuomba radhi.

"Kitabu hicho kingesema baba alidanganya," aliuliza, "ungekuja?"

Nilitafuta jibu la kweli, na la kweli lilikuwa baya. "Sijui," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo sahihi. Kisha akaniuliza kama bado nina moteri.

Tulikwenda Jumapili moja, mwezi wa tisa, moshi ukiwa mwingi, wawili tu, bila fimbo wala mshipi. Mashua tuliazima. Alikaa mahali pake pa zamani, nyuma yangu kidogo, akitafuta mlango wake. Nilimwona akigeuza kichwa, akirudia, akifunika jua kwa kiganja. Mchikichi haukuwapo, maji yalikuwa yamefika ulipokuwa umesimama na kuung'oa. Jiwe jeupe halikuwapo pia, lilikuwa limezama. Mwanya wa vilima ulibaki, na mnara ulibaki, lakini vya mbele vyote viwili vilikuwa vimeondoka, na mlango wenye upande mmoja haufungi.

"Hapa," alisema. Akatazama chini. Maji meusi, marefu. "Apana. Ngoja. Hapa." Tena kina kirefu.

Alijaribu mara ya tatu, kisha akashusha kiganja. Hakuwahi kukosea mbele yangu, na nilitamani nisingekuwapo.

"Soma," alisema bila kunitazama.

Nilifungua daftari kwenye ukurasa ule. Nikasoma digrii za mwanya kwa sauti, yeye akashika usukani. Nikasoma za mnara, nikashika dira, nikamwelekeza. Nilipozima moteri aliinama upande wake, nami wangu. Sakafu ya mchanga ilikuwepo, chini zaidi kuliko zamani, safi kama uwanja uliofagiliwa asubuhi. Tulipiga kafi kutoka jabali mpaka jabali, tukarudi. Hapakuwa na wingu. Hapakuwa na bwana wala bibi.

Nahodha aligonga ubavu wa mashua kwa vidole, mara tatu.

"Hodi," akaliambia ziwa.

Tulisubiri, hata mimi, sijui tulisubiri nini. Upepo ulikuwa haujaanza.

Nilimwambia nitauchana ukurasa, niutupe hapohapo. Alinikataza. "Utaficha nini? Na mi sasa nitapajua vipi?" Kisha akasema, "Andika."

"Niandike nini?"

"Andika tulipiga hodi. Andika hakuna mutu."

Niliandika hivyo, maneno yake kama yalivyo, pamoja na saa na rangi ya maji. Sikuongeza alama yoyote. Saa nne kamili upepo wa kusini ukaanza, tukageuza.

Ufukweni alivaa viatu vyake, akaniomba nimsogeze mpaka Buyenzi. Njiani tulizungumza juu ya bei ya vipuri na juu ya yule mama wa Uvira, ambaye sasa amehamia juu zaidi kwa sababu ya maji. Mbele ya gereji alishuka, akanishukuru kwa lifti, akafunga mlango wa gari kwa uangalifu. Nilisubiri kidogo na moteri ikiwaka, kama angeuliza nitatoka tena lini. Hakuuliza.